Mausipisi kongwe za tromboni: namna ya kuzitambua, kuzipima na kuzitunza

Kwenye makasha ya vikundi vya beni, ile ngoma ya matarumbeta, Unguja na Pemba, hubaki vipande vidogo vya shaba visivyokuwa tena na tromboni yake, lile tarumbeta kubwa la kuvuta. Chombo chenyewe kilishapondeka kikauzwa kwa kilo, lakini mausipisi, kile kipande cha kupulizia, ilinusurika kwa sababu inaingia mfukoni. Nyingi ni za kawaida. Chache ni adimu kweli, na hizo chache ndizo zinazoharibiwa upesi: mtu anaiona nyeusi, anaisugua kwa mchanga na majivu mpaka herufi zinafutika, au anaipeleka kwa mkerezaji apunguze mkia ili iingie kwenye tromboni mpya. Ikishafika hapo, hakuna tena awezaye kusema ilitoka wapi wala ilitengenezwa kwa chombo gani.

Utaratibu ni huu: soma maandishi kwanza, kisha pima, ndipo uoshe. Kukata usikate.

Sehemu za kuangalia

Ukingo ni ile duara inayokaa midomoni. Chini yake kuna kikombe, na chini ya kikombe tundu jembamba linaloitwa koo. Baada ya koo njia ya ndani hupanuka polepole mpaka mwisho wa mkia, na mkia ndio unaoingia kwenye tromboni. Mabadiliko madogo sana kwenye koo, hata sehemu ya kumi ya milimita, mpigaji huyasikia kabla hajamaliza skeli moja. Mausipisi iliyotobolewa koo kwa drili inabaki na jina lake, lakini si mausipisi ileile.

Kusoma maandishi

Maandishi huwa nje ya kikombe, mara chache kwenye mkia. Usisugue ili yaonekane. Ingia chumba chenye kiza, washa tochi ya simu na uilaze ubavuni ili mwanga upite juu ya chuma. Herufi zilizolika hutoa kivuli. Zikikataa, funika sehemu hiyo kwa karatasi nyembamba na upitishe penseli laini juu yake kwa ubapa. Unga wa chaki uliopakwa kwa kidole na kupanguswa hubaki ndani ya herufi pia, na unatoka kwa maji matupu. Piga picha hapohapo kabla hujafanya lolote jengine.

Visiwani tegemea kukutana na kazi za Kiingereza zaidi. Wagoa walipiga katika bendi ya Sultani tangu enzi za Barghash, na Zanzibar ilikuwa chini ya himaya ya Uingereza kuanzia 1890 hadi Disemba 1963, kwa hivyo vyombo vya bendi vilifuata njia hiyo. Kwa kazi za London, jina la kampuni linakupa umri bila ya kubahatisha sana. Boosey & Co. na Hawkes & Son zilikuwa kampuni mbili mpaka 1930 zilipoungana kuwa Boosey & Hawkes. Mausipisi yenye "Hawkes & Son" peke yake inahesabiwa ya kabla ya muungano huo. Besson ya London ilichukuliwa na Boosey & Hawkes mwaka 1948, ila jina la Besson liliendelea kutumika, basi hilo lisikuharakishe.

Majina ya nchi nayo ni kalenda nzuri. "GDR" au "DDR", yaani Ujerumani Mashariki, inamaanisha kati ya 1949 na 1990. "West Germany" ni ya kipindi hichohicho, upande wa pili. "Czechoslovakia" haivuki 1992, na kwa vyombo vya shaba mara nyingi ni kazi ya Amati ya mji wa Kraslice, iliyoanza 1945. Ukiona "Meerut", hiyo ni India: mji wa Meerut umekuwa ukitengeneza vyombo vya bendi tangu karne ya 19, na Nadir Ali & Co. wa huko walianza 1885. Kazi ya Meerut ya zamani isidharauliwe. Iko nzito na inadumu, ingawa mikia yake haifuati kipimo kimoja, na hilo tutalifikia.

Kwa Marekani kuna zaidi ya kueleza, maana huko ndiko bei kubwa zilipo.

Charles Gerard Conn wa Elkhart, Indiana, alianza biashara yake kwa mausipisi kabla ya kutengeneza chombo kizima. Mdomo wake uliumia, akabuni ukingo wa mpira, na hati ya ubunifu huo ni ya 1875. Ukikutana na mausipisi kongwe yenye ukingo wa mpira mgumu, usiitie maji ya moto wala spiriti. Mpira wa umri huo hubadilika rangi na kupasuka. Kitambaa chenye unyevu kinatosha.

Vincent Bach alizaliwa Austria mwaka 1890, akaingia Marekani 1914 akiwa mpiga tarumbeta. Historia ya kampuni yake inaeleza kuwa akiwa safarini Pittsburgh alimpa fundi mausipisi yake airekebishe, ikarudi imeharibika, na kuipata nyengine ya kumfaa ikawa taabu. Mwaka 1918 akaanza kuzikereza mwenyewe New York kwa mashine ya kukanyaga kwa mguu. Tarumbeta zake zilifuata 1924 na tromboni 1928. Karakana ilikaa Bronx, ikahamia Mount Vernon mwaka 1953. Aliiuza kwa kampuni ya Selmer 1961, na katikati ya miaka ya 1960 kazi yote ikahamishiwa Elkhart.

Ndiyo maana maneno "Mt. Vernon N.Y." chini ya jina la Bach yana thamani: kipindi chake hakifiki miaka 15 na hakiwezi kurudi. Zenye "New York" za kabla ya hapo ni chache zaidi. Neno "Corp." likiwa peke yake, bila ya jina la mji, halitoshi kukupa umri, usilipe fedha ya Mount Vernon kwa ajili ya neno hilo.

King ilikuwa ya H. N. White wa Cleveland, kampuni ya tangu 1893. Holton iliasisiwa na Frank Holton, mpiga tromboni, huko Chicago 1898. Olds ya California ilifunga 1979. Denis Wick, mpiga tromboni mkuu wa London Symphony Orchestra kuanzia 1957 hadi 1988, alianza kutoa mausipisi zake mwishoni mwa miaka ya 1960. Wick za mwanzo zinaanza kutafutwa sasa, lakini bado ni vyombo vya kupigia kuliko vya kuweka kabatini, na kwa mpigaji wa Zanzibar hiyo ni habari njema.

Namba nazo zina mitego. Kwa Bach, namba ikipungua ukingo unapanuka: 12C ina upana wa karibu milimita 24.5, 6½AL karibu 25.4, 5G karibu 25.5, na 1½G ya tromboni ya besi hufika 27. Herufi inaeleza kina cha kikombe, A na G zikiwa na kina kuliko C. Kwa Schilke wa Chicago ni kinyume, namba kubwa ni ukingo mkubwa. Kwa Wick, herufi ya mwisho ni mkia: L mnene, S mwembamba, na Y ni ya yufoniamu (chombo chengine cha shaba) za Besson za zamani zenye tundu la katikati. 4AY haikai kwenye tromboni yoyote ya kawaida, lakini huuzwa kama ya tromboni kila siku kwa kuwa wauzaji hawaisomi herufi hiyo.

Namba tupu kama "7C" au "12C" bila jina la mtengenezaji haina uhusiano na Bach zaidi ya kuigwa. Ni mausipisi ya kiwandani iliyokuja na chombo cha bei nafuu.

Adimu na ya kale si kitu kimoja

Watu wengi hudhani mausipisi ikiwa na miaka 80 lazima iwe adimu. Hapana. Boosey & Hawkes walitoa mausipisi kwa bendi za jeshi, polisi na skuli za himaya nzima, na zimebaki nyingi. Bach 12C ya Elkhart ilifungwa pamoja na tromboni za wanafunzi kwa miongo mingi. Hiyo ni ya kupigia tu, na ni nzuri kwa kupigia.

Uadimu unatokana na mambo matatu, na hukolea yakikutana. La kwanza ni kipindi kifupi, kama Mount Vernon. La pili ni kutokuguswa: ukingo wa asili, koo la asili, mkia usiokatwa, fedha ya mwanzo hata ikiwa nyeusi. Vita vya Pili vilisimamisha utengenezaji wa vyombo vya muziki Marekani mwaka 1942, wapigaji wakawa wanarekebisha walizonazo, na wengi waliendelea na tabia hiyo hata baada ya vita. Ndiyo maana mausipisi nyingi za miaka hiyo zimetobolewa au kukerezwa upya. Iliyosalimika ina hadhi yake. La tatu ni matumizi yaliyokufa. Tromboni ya besi ya G ilikuwa ya bendi za Kiingereza karibu peke yao, ikaachwa, na mausipisi zake zilitupwa pamoja nayo. Hizo ni chache kweli, ingawa wanunuzi wake pia ni wachache, na bei hufuata wanunuzi.

Jambo la kipimo cha sauti linahusu moja kwa moja vyombo vya Kiingereza vilivyomo visiwani. Bendi za shaba za Uingereza zilipiga kwa noti ya A ya hezi 452.5 mpaka miaka ya 1960, badala ya 440 ya leo. Tofauti hiyo inakaribia nusu ya nusu-toni. Mkiweka tromboni ya namna hiyo pamoja na kodiani na kinanda cha taarabu, mpigaji atalaumiwa bure. Mausipisi haiwezi kulitatua hilo, hata ukiiacha imetokeza nje. Tromboni hiyo inahitaji kurefushwa kwenye mkunjo wa kutyunia, au ibaki ya beni ambapo vyombo vyote ni vya zama moja.

Kupima mkia

Hapa ndipo penye makosa mengi kuliko pote.

Mikia ya tromboni ni ya aina mbili kubwa: mwembamba, kwa tromboni nyingi za tena (zile za sauti ya kati) na karibu zote za valvu (za vibonyezo), na mnene, kwa tromboni za okestra na za besi. Kwenye ncha zinapishana milimita moja na kitu tu, na jicho halioni. Tromboni nyembamba za Kiingereza za zamani zinaweza kutaka mkia mwembamba zaidi hata ya huo wa kawaida. Za Meerut hubadilika toka chombo hadi chombo.

Fanya hivi. Futa tundu la tromboni kwa kitambaa, ingiza mausipisi kwa wepesi bila ya kuisokota, kisha weka alama ya penseli pale inapozama. Itoe, upime kutoka alama hadi ncha. Ikiwa inafaa, inaingia kiasi cha sentimita 2 hadi 2.5. Ikiingia chini ya sentimita moja na nusu, mkia ni mnene mno kwa tundu hilo. Ikizama mpaka karibu na kikombe, ni mwembamba mno.

Kisha itingishe kwa vidole viwili. Mausipisi sahihi haichezi hata kidogo. Ikicheza ilhali imeingia kina cha kutosha, mteremko wa mkia na wa tundu haulingani. Kuona tatizo liko wapi, chora mistari minne ya penseli kwa urefu wa mkia, iingize, izungushe robo duara, uitoe. Penseli itakuwa imefutika pale chuma kinapogusana. Wanja wa manga uliochanganywa na tone la mafuta unaonyesha vizuri zaidi: unapakwa utando mwembamba kabisa, na unabaki mweusi kila pasipoguswa. Ukifutika pembeni mwa tundu tu na ncha ikabaki nyeusi, ncha inaelea ndani na mausipisi itacheza. Ukifutika kwenye ncha tu, mkia umeshikwa mwishoni na upande wa nje ndio unaocheza. Ukimaliza, futa wanja wote kwa sabuni, ndani ya tundu pia, usije ukafika kwenye mkono wa kuvuta.

Conn za mfano wa 8H na 88H zina tabia yao. Tundu lake lilikatwa kwa mteremko wa mausipisi ya Remington, iliyopewa jina la Emory Remington, mwalimu wa tromboni wa Eastman School of Music toka 1922 hadi 1971. Mausipisi nyengine ya mkia mnene itakaa, lakini haitashika urefu wote. Kama kundi lenu lina Conn ya namna hiyo, mausipisi ya Remington iliyokuja nayo ilindwe kuliko sanduku lake. Wengi waliitupa wakanunua mpya, halafu wakaja kuitafuta.

Mkia mwembamba ukitakiwa kukaa kwenye tundu pana, tumia adapta, kile kimfereji kifupi cha shaba kinachovishwa. Utepe wa plastiki na karatasi ya sigara ni kwa usiku mmoja wa harusi. Unyevu ukiingia humo, shaba ya tundu inaanza kuliwa bila ya wewe kuona. Mkia mnene kwa tundu jembamba hauna dawa, badilisha mausipisi.

Kwa koo, huhitaji kifaa cha gharama. Chukua seti ya biti za drili na utumie upande wa nyuma, ule laini, kama kipimo. Ingiza kwa mkono tu, bila ya kusukuma. Mausipisi za tena hupokea kati ya milimita 6 na 7 hivi, za besi zaidi ya 7. Ukute 6½AL inayopokea biti ya milimita 7.5, na ndani ya koo kuna mikwaruzo ya mviringo, basi imetobolewa. Ukingo upime kwa vernia, ile rula ya taya mbili, lakini kila mtengenezaji hupima kwa kina chake, kwa hiyo "25.5" ya Bach na "25.5" ya mwengine huenda zisiwe sawa midomoni.

Kuosha

Anza na maji ya vuguvugu na tone la sabuni ya vyombo, dakika kumi, halafu burashi laini ya nailoni upande wa kikombe na upande wa mkia. Burashi ya waya hapana. Mausipisi usiyoijua historia yake, baada ya kuiosha ifute kwa spiriti ya asilimia 70, ndani na ukingoni, na uiache ikauke yenyewe. Jiki isikaribie kabisa: inaitia fedha weusi mbaya zaidi na kuila shaba.

Weusi wa fedha si uchafu, ni fedha yenyewe iliyoungana na salfa ya hewani. Ukiusugua kwa Brasso unaiondoa fedha hiyo moja kwa moja, na fedha ya mausipisi ni utando tu. Njia inayoirudisha ni hii. Tandika karatasi ya foili ndani ya bakuli la udongo au la plastiki ngumu, weka mausipisi juu yake iguse foili, nyunyiza vijiko viwili vya chakula vya magadi soda ya unga, na umimine lita moja ya maji yaliyotoka kuchemka. Kutatoka harufu ya yai viza, hiyo ni salfa inayohama kutoka kwenye fedha kwenda kwenye foili. Geuza baada ya dakika mbili. Dakika tano zinatosha, kisha suuza kwa maji mengi na ukaushe kwa kitambaa cha pamba. Foili itakuwa imepiga weusi badala yake. Njia hii ni ya fedha tu. Kwa nikeli na shaba tupu haina kazi, na kwa ukingo wa mpira inaharibu.

Utando wa kijani hutoka kwa ndimu: maji ya ndimu moja ndani ya kikombe cha maji, upakwe kwa pamba pale penye kijani tu, dakika moja au mbili, halafu uoshwe kwa maji yenye magadi kidogo ili asidi ife. Ukwaju unaong'arisha sinia na madele ya shaba nyumbani ni asidi vilevile, na kwa sinia ni sawa. Kwa mausipisi hauna kipimo, maana watu huuacha mpaka uonekane umefanya kazi, na kwa wakati huo zinki imeshatolewa ndani ya shaba. Dalili yake ni madoa ya rangi ya waridi. Yakitokea, acha hapohapo. Doa la waridi ni shaba iliyokuwa sponji, na ukiisugua unachimba.

Chokaa nyeupe ndani ya mkia huachia kwa siki iliyozimuliwa, sehemu moja kwa maji sehemu nne, dakika tano, na burashi. Kijiti cha mwavuli wala ncha ya bisibisi kisipite humo. Mkwaruzo mmoja wa ndani ya koo haufutiki.

Iliyokwama, na mkia uliobonyea

Mausipisi iliyogoma kutoka isivutwe kwa koleo. Meno ya koleo huacha alama juu ya maandishi kila mara, na ukiisokota kwa nguvu unapindua bomba la tromboni kabla ya mausipisi kutoka. Tia tone la mafuta ya cherehani pale mkia unapoingia, acha usiku kucha. Asubuhi weka barafu ndani ya kikombe na uzungushie kitambaa cha maji ya moto upande wa nje wa tundu, ili tundu litanuke na mkia usinyae. Gongagonga pembeni mwa tundu kwa mpini wa mbao, mzunguko mzima, huku mwenzako akiizungusha mausipisi kwa mkono mtupu. Ikikataa, kuna kifaa chake maalumu cha kuvutia, chenye skrubu mbili zinazosukuma sawasawa. Ulizia kwa mafundi wa bendi za vikosi kabla ya kufikiria moto. Moto unayeyusha risasi ya maungio ya tromboni.

Ncha ya mkia hubonyea ikiangushwa kwenye sakafu ya saruji, na hata ubonyeo mdogo hufanya noti za juu zikwame. Mkerezaji mzuri wa mbao anaweza kukuchongea koni ndefu ya mpingo inayopungua kidogo kidogo mpaka unene wa penseli. Ipake nta, iingize kutoka upande wa ncha, izungushe kwa mkono huku ukisukuma taratibu. Ikihitaji kugongwa, nyundo iwe ya ngozi au ya mbao, na mapigo yawe madogo. Simama mara tu ncha inapokuwa duara. Ukiendelea utaipanua, na mkia uliopanuka hauingii tena.

Kuchovya upya

Hapa huwa tunabishana na wenye mausipisi, lakini sababu ya kuchovya, yaani kuivisha utando mpya wa fedha au dhahabu, ni moja tu ya haki: fedha imekwisha ukingoni na shaba inagusa midomo. Shaba ya kukereza huwa na risasi kidogo ndani yake, na midomo inayokaa juu yake saa nyingi huwasha na kupasuka. Sonara anayejua kuchovya anaweza kuifanya, mradi umpe masharti matatu waziwazi. Asiisugue kwenye gurudumu la kung'arishia, kwa sababu gurudumu linazungusha kona ya ukingo na kula herufi. Asiichubue fedha ya zamani kwenye herufi. Na ikiwa ni dhahabu, iwe juu ya fedha, kwani dhahabu iliyowekwa juu ya shaba tupu hunywewa na kupotea. Mwenye ngozi inayowashwa na nikeli amwambie sonara asiweke nikeli chini.

Mausipisi ya Mount Vernon yenye ukingo uliolika, kwa wakusanyaji, ina thamani zaidi hivyo ilivyo kuliko ikichovywa. Kama huipigii, iache.

Kununua na kuuza

Mitaa ya Gizenga na Hurumzi, Mji Mkongwe wa Unguja, ina maduka ya vitu vya kale, na wauzaji chuma chakavu hupata mausipisi ndani ya magunia ya shaba. Nenda na mambo manne: tochi, penseli, biti za drili na kipande cha bomba la tundu la tromboni yako kama unalo, au tromboni yenyewe. Angalia ukingo kwa kuuzungusha chini ya tochi na kupitisha kucha juu yake. Kucha ikikwama, kuna jeraha litakalokata mdomo. Tazama koo kwa mwanga kutoka upande wa mkia: duara lazima liwe kamili na ling'ae sawa pande zote.

Kwa anayeuza mtandaoni, picha nne zinatosha: maandishi kwa mwanga wa ubavuni, ukingo kutoka juu, ncha ya mkia, na mausipisi nzima karibu na rula. Andika kipimo cha koo na kina cha kuingia. Mnunuzi anayeulizia Bach ya zamani atataka kujua kama imewahi kutobolewa au kuchovywa, na jibu la kweli linaongeza bei kuliko linavyoipunguza. Usiing'arishe kabla ya picha.

Hifadhi ni shida yetu kubwa huku, kwa chumvi ya bahari na unyevu wa masika. Kila baada ya kupiga, suuza kwa maji matamu, kausha ndani kwa utambi wa pamba, na usiifunge ikiwa na maji. Iweke ndani ya mfuko wa pamba uliofuliwa bila ya marashi, kisha kwenye kibati chenye kifuniko, pamoja na vile vifuko vya chembechembe za kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Vifuko hivyo vibadilishe masika yakianza na vuli ikianza. Mipira ya kufungia, magazeti na sufu zina salfa, kwa hiyo usizifungie humo. Mpira mmoja wa kufungia noti ukiachwa juu ya fedha kwa wiki chache huacha mstari mweusi unaoonekana hata baada ya foili.

Ndani ya kibati weka kikaratasi: maandishi yote kama yalivyo, hata yaliyokatika, kipimo cha koo, kina cha kuingia na kwenye tromboni ipi, na ilikotoka, kikundi gani, mtaa gani, nani aliipiga kama anajulikana. Mausipisi mbili zenye namba moja ndani ya kundi moja huchanganyika siku ya harusi ya kwanza, basi funga uzi wa rangi kwenye kila mfuko, kwa sababu kwenye chuma chenyewe hutakiwi kuandika kitu.